Maneno Niliyomnong'oneza Zelik

Jumapili, 5 Februari 2017

Mazoezi ukumbini. Bomba la joto limekufa tena, tumefanya kazi na makoti. Lakini Zelik! Ndugu yangu leo ameigiza kama marehemu baba.

Kazi yangu mimi ni kunong'ona. Nakaa ndani ya kisanduku mbele ya jukwaa, kichwa tu ndicho kimechomoza, na watazamaji hawanioni. Mwigizaji akisahau ananitupia jicho, namrushia neno. Vikundi vingine hapa New York vimeacha mtindo huu zamani. Sisi hatuwezi. Wazee wetu hawakariri, na vijana wamejifunza chuoni Kiyidishi, lugha ya babu zetu Wayahudi, wakibabaika kidogo wanaanza kutafsiri kichwani. Sugu kuliko wote ni Zelik. Tangu tuanze mchezo huu, ambamo yeye ndiye bwana harusi, anaigiza jicho moja kwa bibi harusi, jicho moja kwangu.

Leo hakunitazama kabisa. Maneno yote anayo.

Mzee Getzel, kiongozi wetu, alitoa kitambaa akafuta macho waziwazi. "Peshele, mwanangu, umemlisha nini huyu? Nipe na mimi."

Nikacheka.


Jumanne, 7 Februari

Asubuhi nimeamka nikamkuta Zelik anapiga pasi. Mashati yake, halafu mashati ya baba, yale tuliyoyaacha kabatini tangu mazishi. Anaimba. Jirani wa chini kagonga dari kwa mpini wa ufagio. Zelik akamjibu kwa kisigino, akampigia mdundo wa dansi!

Nilifungua kabati la bafuni. Chupa ya vidonge vyake imejaa kama ilivyotoka duka la dawa.

Nikalifunga. Nikaenda dukani kwangu kuuza vifungo. Nimechanganya vya pembe na vya plastiki kwenye droo moja, jambo ambalo silifanyi.

Najua hii ni nini. Nisijifanye. Baba alikuwa hivi hivi: wiki za nyimbo na ahadi, kila mtu anampenda, halafu siku moja anakaa chini bafuni na hatoki. Mama alipompeleka hospitali ya wagonjwa wa akili alituweka mimi na Zelik kwenye kochi akatufundisha la kusema shuleni. Baba yuko Argentina. Yuko kwenye ziara ya maigizo, Buenos Aires wanampenda sana. Watu waliamini, maana enzi hizo waigizaji wetu walikuwa wakienda kweli.

Na Zelik alipolazwa, mara zote mbili, mimi ndiye niliyemwambia Getzel: Argentina. Getzel akamwuliza aliporudi nyama ya huko ikoje. "Laini," akasema Zelik.

Nimpigie daktari wake. Kesho.


Jumapili, 12 Februari

Sijampigia.

Leo tumefanya sehemu ya arusi. Bibi harusi wetu ni Tsivia. Mzuri, mkali, ana sauti ya kujaza ukumbi. Ametoka nyumba ya dini sana huko Brooklyn. Kwao wanamwona amepotea nusu kwa sababu anaigiza. Sisi tunamwona rabi nusu kwa sababu hashiki simu siku ya Sabato. Naye ataolewa kweli mwisho wa Machi, na Naftoli, mwalimu wa hesabu.

Getzel alirudia onyo lake la arusi za jukwaani, kama kila msimu. Kwetu mwanamume akimvisha mwanamke pete iliyo mali yake, akatamka yale maneno, na mashahidi wawili wenye kushika dini wakiona, basi. Wameoana. Hakuna "nilikuwa natania". Kwa hiyo kikundi chetu kina kufuli tatu. Pete ni kile kipete cha shaba cha kutundikia pazia, mali ya kikundi. Tsivia anavaa glavu. Na bwana harusi anaishia njiani: "Tazama, wewe umewekwa wakfu—" hapo fidla inapaa, inameza yaliyobaki. Kwenye nakala yangu ya mchezo yaliyobaki hayakuandikwa kabisa.

"Hao mashahidi watatoka wapi lakini?" Zelik akauliza. "Watazamaji wetu ni wakomunisti waliosahauliwa na kifo. Siku ya mfungo mkuu wanakula nguruwe!"

"Na waendelee kula," akasema Getzel. "Ndiko kunakotulinda."

Tulicheka mpaka mpiga fidla akakosa pumzi.

Baadaye Zelik alimshika Tsivia mkono akamwambia ana vidole vya malkia Esta, na kwamba baba alimwona kabla hajazaliwa. Alisema haraka, maneno yanakanyagana. Tsivia akaondoa mkono taratibu. "Kaka Zelik, punguza kahawa."

Wote wakacheka tena. Mimi pia.


Ijumaa, 17 Februari

Wamepiga simu kutoka kwa daktari. Zelik hakwenda kliniki. Mzima?

Nikasema ana mafua.

Kwa nini nimesema mafua? Niandike, hakuna asomaye. Onyesho ni Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 26. Akirudia vidonge atakuwa yule Zelik mwingine, mpole, mzito, anayekwama kila mstari na kunitazama kama mtoto anayesubiri kijiko. Nataka nimwone huyu. Mara moja, mbele za watu. Halafu nitapiga simu.

Nimewasha mishumaa ya Sabato. Supu yake ilipoa mezani. Hakukaa hata kidogo, alikula maneno tu.

Aibu kuyaandika haya. Nimeyaandika.


Jumapili, 26 Februari

Nitaandika kwa mpangilio.

Ukumbi ulijaa. Viti vya kukunja viliongezwa mpaka mlangoni. Mstari wa mbele kabisa walikaa ndugu wawili akina Lemberger, Haskl na Yosl, wenye duka la mikate ambako Tsivia hununua mikate ya Sabato. Hawajawahi kuja. Walikuja kwa heshima yake. Ndevu, kofia, kila mmoja na mfuko wa biskuti magotini. Nikawaona kutoka kisandukuni, nikafurahi. Tumepata watazamaji wapya, nikasema moyoni!

Zelik tangu kuingia aliwashika watu kooni. Alipocheka wakacheka, aliponyamaza hata wazee wenye kikohozi wakakizuia. Nilifunga nakala. Sikuwa na kazi. Nilikuwa mtazamaji kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikalia, nikamwona baba.

Arusi. Hema la kitambaa juu ya fimbo nne. Zelik akamvua Tsivia glavu, kidole kwa kidole, kwa adabu kama bwana wa zamani. Wanawake wakaguna kwa raha. Akaingiza mkono mfukoni. Haikuwa shaba. Ilikuwa pete ya mama. Ile ya dhahabu isiyo na nakshi, ambayo mama alimwachia yeye kwa ajili ya mke atakayempata.

Mpiga fidla akainua upinde. Zelik akanyoosha kiganja: subiri. Akawageukia akina Lemberger. "Nyinyi! Mtakuwa mashahidi wangu?"

Kwetu watazamaji huongea na waigizaji, ndivyo tulivyo. Haskl akaitikia kwa sauti, "Tutakuwa, tutakuwa!" Ukumbi ukaangua kicheko. Tsivia alitabasamu, akadhani ni kionjo cha Zelik. Akanyoosha kidole.

"Tazama," akasema Zelik, "wewe umewekwa wakfu—"

Akasita. Pale pale mchezo unapositia. Fidla kimya. Ukumbi kimya. Na kwa mara ya kwanza baada ya wiki zote zile akanitazama.

Nikamnong'oneza.

"Kwangu mimi, kwa pete hii, kwa sheria ya Musa na Israeli."

Hayamo kwenye nakala! Hakuna aliyeyaandika. Yalitoka kinywani mwangu yenyewe. Jicho lake likija, mdomo wangu unafunguka, ndivyo nilivyo. Akayapokea neno kwa neno, akayatamka kwa sauti ya kutikisa taa, akamvisha.

"Mazal tov!" ukumbi mzima ukawapongeza. Wakasimama. Wakapiga makofi mpaka vumbi likashuka.

Getzel nyuma ya pazia alikuwa mweupe kama unga.


Jumatatu, 27 Februari

Zelik kaenda mtaani na suti ya arusi, asubuhi, kuwaalika watu kwa jina. Anasema baba ameridhika. Anasema Tsivia anajua, aliona machoni mwake.

Tsivia amenipigia. Sauti ndogo. Kaanza na "Shangazi Pesha, ulikuwa utani, sivyo?" Nikamwambia bila shaka, mwanangu. Akasema Yosl Lemberger amekosa usingizi, asubuhi kaenda kumwuliza rabi wake, na rabi hakucheka.

Getzel naye kapiga, anafoka. "Miaka yote naigiza mbele ya makafiri, sijapata shida! Wanakuja wacha Mungu wawili kula biskuti, tazama!"


Jumanne, 28 Februari

Zelik amelazwa. Polisi wawili, wapole. Alivua viatu mlangoni akawapa mkono, akawauliza kama wana tikiti.

Jirani wa chini alisimama kwenye ngazi na ufagio wake. "Kaka yako anakwenda wapi?"

"Argentina," nikasema.

Sikujua kama nimesema mpaka niliposikia.


Alhamisi, 2 Machi

Nilikuwa kwa Rabi Podolsky pamoja na Tsivia na Naftoli. Chumba chenye vitabu mpaka dirishani, rabi mzee mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, mwema. Aliniambia, "Mama, keti karibu na joto."

Ameeleza polepole, na sasa nimeelewa. Tsivia alidhani ni mchezo, lakini aliyoyadhani moyoni mwake hayafuti maneno yaliyotamkwa na pete iliyopokelewa. Mashahidi ni safi, pete ni dhahabu. Kwa hiyo anahesabiwa kama mke wa mtu, angalau kwa shaka.

"Basi kaka yangu atampa talaka," nikasema. "Atatoka hospitali, atampa. Siku moja tu."

Naftoli akainamisha kichwa. Tsivia akajibu badala yake. "Naftoli ni wa ukoo wa makuhani, shangazi."

Nilisahau. Mtu wa ukoo wa makuhani haruhusiwi kuoa mwanamke aliyepewa talaka. Hata talaka ya shaka tu. Akipokea karatasi ya Zelik yuko huru kwa wanaume wote duniani isipokuwa huyu mmoja.

"Njia zipo mbili," akasema rabi. "Ya kwanza: pete haikuwa mali ya kaka yako, bwana Gurvits. Ya pili." Akavua miwani. "Ya pili, hakuwa timamu saa ile. Ndoa ya mtu asiye timamu si ndoa, haikuwepo, haihitaji talaka. Lakini wapo watu walio wazima kipindi na wagonjwa kipindi. Nitataka kujua, siku ile alikuwa yupi. Mama, wewe unaishi naye."

Kila mtu alinitazama.

Nilisema nitafikiri. Nilisema hivyo kama mtu aliyeulizwa achague rangi ya kifungo!

Mlangoni Naftoli alinishukuru kwa kuja. Kijana wa watu. Sikuweza kumtazama usoni.


Jumapili, 5 Machi

Getzel alikuja dukani. Akachezea vifungo kwa muda, halafu akainama juu ya kaunta.

"Sema pete ni yako."

"Mama alimwachia Zelik."

"Nani anajua? Mama yako? Yuko kaburini Queens, hatapinga. Pete yako, kaiazima kwa mchezo, arusi hakuna, binti anaolewa, Zelik anarudi jukwaani, na hakuna anayetamka lile neno. Peshele! Neno hilo likishatamkwa na rabi halifutiki. Nani atampa sehemu mwigizaji aliyeandikiwa wazimu?"

Nikamwuliza, "Kwa hiyo unajua."

Akaokota kifungo kimoja, akakitazama kwenye mwanga. "Nilikuwa Argentina mwenyewe, mwaka ule aliokwenda baba yako. Kweli kweli, kwa meli. Hakuna aliyemwona."

Zamani zote hizo alijua. Akamwuliza Zelik habari za nyama, na alijua. Nilitamani kuingia kwenye droo.

Nimemwambia nitasema pete ni yangu.


Alhamisi, 9 Machi

Zelik karudi. Vidonge vimeanza kazi: mikono mizito, midomo mikavu. Leo ni mfungo wa Esta, naye amefunga, ingawa daktari kamkataza. Nimemlazimisha chai.

Nilimweleza habari ya rabi, yote, pamoja na mpango wa pete. Alisikiliza huku akitazama kikombe.

"Pete ni yangu," akasema. "Mama alinipa mimi."

"Najua. Tutasema tu."

"Na sikuwa kichaa, dada. Nilijua kila kitu. Sijawahi kujua vitu vizuri kama siku ile. Sasa hivi ndiyo sijui kitu."

Nikamwuliza kwa nini aliacha vidonge. Akanitazama kwa mshangao hasa, si kwa hasira.

"Lakini uliona. Nilikuona ukifungua kabati. Hukusema kitu, nikajua umekubali."


Jumapili, 12 Machi

Purimu, sikukuu ya malkia Esta. Mtaani watoto na mataji ya karatasi, wanaume wamelewa mchana, kelele za vyuma. Siku ya kuvaa sura isiyo yako. Zelik amevaa gauni la nyumbani, amekaa dirishani.

Tsivia alileta sahani ya maandazi ya pembe tatu, kama desturi ya leo. Sikutegemea. Baada ya yote hayo, kaleta sahani! Alimsalimu Zelik kutoka mlangoni. Zelik akasimama, akafunga mkanda wa gauni, akasema, "Samahani, bibie." Akaenda chumbani. Hayo tu. Nilisikia kitanda kikilia.

Tukakaa jikoni. Hakugusa chai.

"Shangazi, Mzee Getzel ameniambia kuhusu pete. Kwamba ni yako."

"Ndiyo."

"Ni yako kweli?"

Nikasimama kuosha kijiko kilichokuwa safi.

"Mimi nitasimama chini ya hema mara ya pili," akasema. "Nitazaa watoto na Naftoli. Nikijua chini kabisa kuna uongo, nitakuwa naukanyaga kila siku. Sitaki. Bora nimkose."

"Unataka nimwite ndugu yangu mwendawazimu mbele ya watu."

"Sitaki. Mimi nampenda Zelik. Nani hampendi?" Alianza kulia, akakasirika kwamba analia. "Lakini nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, shangazi. Nilisikia."

Maji yalikuwa yanatiririka bure. Sikuyafunga.

"Nilikusikia ukimpa maneno. Nikasema, aah, basi ni sehemu ya mchezo, shangazi Pesha hakosei. Ndiyo maana sikukirudisha kidole. Sikumwambia rabi. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Alipoondoka niliifunika sahani. Sijaweza kula hata moja.

Nimekuwa nikijiambia kosa ni ule mnong'ono. Bahati mbaya ya mdomo. Si kweli. Kosa ni chupa iliyojaa. Nilimwona ndugu yangu anaungua nikasogeza kiti nipate joto.


Jumatatu, 13 Machi

Zelik kanyoa. Kaketi mezani kwa mara ya kwanza.

"Yule binti lazima aolewe," akasema. "Rabi anataka kichaa? Nitampa kichaa."

"Zelik, si mchezo."

"Baba aliigiza mfalme mwendawazimu misimu mitatu. Nakumbuka kila kitu. Nywele hivi, mikono hivi." Akaonyesha. Mikono ikapanda nusu, mizito kwa dawa, ikashuka. "Wewe usiseme lolote, dada. Usiseme pete, usiseme hospitali. Nitaifanya mwenyewe. Watu wakinicheka wacheke, nimezoea."

Nikamwambia hospitali wana karatasi, rabi anaweza kuziomba. Akasema karatasi za daktari haziwezi kusema mtu alikuwaje jukwaani Jumapili ile. Hilo kweli. Aliyemwona ni mimi.

Redio inasema theluji kubwa kesho. Rabi kaahirisha kikao cha kutusikiliza mpaka Jumatano.


Jumatano, 15 Machi

Naandika kwenye benchi, koridoni kwa Rabi Podolsky. Theluji ya jana imerundikwa mpaka kwenye madirisha ya chini, mwanga wa humu ni wa buluu. Tsivia na Naftoli wamekaa benchi la pili, katikati yao wameacha nafasi ya mtu mmoja. Akina Lemberger wamekwisha kusema yao, sasa wamesimama karibu na ngazi na kofia mikononi. Haskl alinijia. "Mama, tusamehe. Tuliitika tu. Tulifurahi." Nikamwambia hawana kosa. Kanipa mkate, bado una moto. Ninao hapa magotini.

Ndani kuna marabi watatu, na Zelik. Mlango haufungi vizuri, unasikia kila kitu.

Rabi kamwambia kwanza kwamba mimi nitaitwa baada yake. Kwamba katika mambo ya ndoa mwanamke kwetu hahesabiwi shahidi, lakini wanataka kunisikia kwa sababu nyumbani niko mimi.

Kisha wakamwuliza. Bwana Gurvits, siku ile ulijua unalolifanya?

Naye kaanza! Kapiga yowe. Kiti kimeanguka. Anacheka kile kicheko kirefu cha baba cha sehemu ya tatu, anaita pepo kwa majina, anaomba wamvue taji. Yosl kafumba macho. Tsivia kaweka viganja masikioni.

Ni mbaya. Ni mbaya sana, Mungu wangu. Ni kichaa cha jukwaani, cha watu wasiowahi kukiona. Hakuna hata kidogo cha Zelik mgonjwa ninayemjua. Zelik akiugua hapigi yowe. Anapiga pasi. Anapendeza. Anakwambia una vidole vya malkia na wewe unataka kuamini. Hao marabi watatoka humo wakisema ni mzima anayejifanya, na Tsivia atakuwa amefungwa.

Mmoja wao kacheka, nadhani yule kijana, akakohoa kukificha kicheko. Rabi Podolsky anasema, kwa upole, "Kaa, bwana Gurvits. Unaigiza vizuri. Nimekuuliza jambo jingine."

Zelik anaanza tena, chini zaidi. Taji. Pepo. Halafu—

Amenyamaza.

Naujua ukimya huu. Huu si wa mwigizaji anayepumua. Amepoteza mstari. Anatafuta kisanduku, na humo ndani hakuna kisanduku, kuna meza na wazee watatu.

Getzel kanipa wazo, pete ni yangu, maneno matatu na tunakwenda nyumbani. Tsivia hanitazami. Anatazama mkate uliopo magotini mwangu.

Mlango unafunguliwa. Rabi mwenyewe, ameshika kitasa. "Mama Gurvits, karibu." Nyuma yake namwona Zelik, nywele zimesimama, kiti kimelala sakafuni. Ananitazama. Mdomo wake uko wazi kidogo, anasubiri.

Nimemwomba rabi anipe nafasi nifunge kalamu. Sentensi ya kwanza ninayo: Baba yetu hakuwahi kufika Argentina. Ya pili ni kuhusu chupa. Ya tatu—